Simu Kubwa Si Kishikwambi: Toeni Karatasi Tupime

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa kule karibu na mlango, nawasalimu. Wanaonifahamu wanajua nilichokuja kusema: simu kubwa si kishikwambi, yaani tablet. Nimekisema Dodoma, nimekisema Tanga, na nitaendelea kukisema mpaka nyaraka tunazowatumia wazazi zibadilike.

Kabla ya maneno mengi, kila mmoja achukue ile karatasi ya A4 iliyo kwenye kiti chake. Ikunjeni mara tatu. Siyo hivyo, mzee wangu, hiyo ni ya bahasha. Kunjeni kwa upana, mpate kipande chembamba kirefu, kama rula iliyonenepa. Haya. Sasa kila mtu atoe simu yake, ailaze juu ya kipande hicho. Angalieni kioo chenyewe, sehemu inayowaka. Kava msihesabu.

Nani kioo chake kimezidi ukunjo? Naona mikono miwili, mitatu. Na mliozidi mmezidi kwa milimita moja au mbili. Wengine wote, pamoja na ndugu yangu hapa mbele aliyeniambia mlangoni kwamba yake ni "kama tablet", mko ndani ya ukunjo.

A4 ina upana wa milimita 210. Theluthi yake ni 70. Simu ya inchi 6.7 yenye umbo la 20 kwa 9, urefu kwa upana, na hizo ndizo zimejaa mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, kioo chake kina upana wa milimita 70, tena pungufu kidogo. Mwalimu mkuu akikaa kwenye kompyuta, akaandika tangazo kwenye ukurasa wa A4 kwa herufi za pointi 12 (pointi ndicho kipimo cha ukubwa wa herufi), akalitoa kama PDF na kulituma kwenye grupu la wazazi, ukurasa wake unabanwa mpaka theluthi. Herufi za 12 zinakuwa za 4. Mimi nimepanga kurasa kwenye chumba cha uchapaji kwa miaka mingi. Hatukuwahi kumchapia mtu pointi 4. Hata kile kikaratasi kinachokunjwakunjwa ndani ya boksi la dawa kwa kawaida hakina herufi ndogo kiasi hicho, na wote tunajua kinavyosomeka.

Nitaeleza kisa. Walioshakisikia wanivumilie, maana sijapata kingine kinacholieleza jambo hili vizuri zaidi.

Jirani yangu mmoja anauza vitenge sokoni. Binti yake wa pili alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Shule siitaji. Mama huyu alikuwa ameweka fedha kidogokidogo akanunua simu kubwa, na muuzaji alimwambia, "Mama, hii ni kama kishikwambi, mambo yote ya watoto utayasomea humu." Fomu ya kujiunga ikaja kwa WhatsApp, PDF ya kurasa saba. Ukurasa mmoja una jedwali la vifaa lenye safu tano: namba, kifaa, idadi, rangi, maelezo.

Baadaye nilikaa naye barazani nikamwomba anioneshe alivyosoma. Anaweka kidole gumba na kidole cha shahada juu ya kioo, anavitanua. Herufi zinakua. Anaona "Sketi". Rangi haionekani, iko kulia, nje ya kioo. Anasukuma ukurasa kuelekea kushoto kwa gumba. Lakini gumba halisukumi kwa mstari ulionyooka. Limeshikwa na kiungo chake pale chini, kwa hiyo linakwenda kwa upinde. Ukurasa unapokwenda kushoto, unapanda kidogo. Kidogo tu, unene wa mstari mmoja. Safu ya rangi inapofika machoni, neno "Sketi" limeshatoka upande wa pili, na kilicho katikati ya kioo ni "Kijani". Kijani ilikuwa ya sweta. Sketi ilikuwa bluu.

Mama akanunua kitambaa cha kijani, akampelekea fundi, zikashonwa sketi mbili za marinda, nzuri kabisa. Binti akafika shuleni na sketi za kijani katikati ya wenzake wote wa bluu. Mwalimu akampigia mama simu: "Mama, hukusoma fomu?"

Alisoma! Alisoma mara tatu. Na kilichoniuma si kitambaa. Kilichoniuma ni alichoniambia pale barazani: "Dada, macho yangu yameanza kuzeeka." Jioni hiyohiyo, kwenye simu ileile, bila miwani, alinisomea ujumbe mrefu wa kikundi chao cha vikoba, aya sita, nani kalipa hisa, nani anadaiwa faini, hakukwama hata neno moja. Macho yake hayana kasoro. Ujumbe wa WhatsApp hauna karatasi nyuma yake. Maneno yanajipanga kwa upana wa kioo, yakifika ukingoni yanashuka mstari, na mwenye simu akiamua kukuza herufi kwenye mipangilio, yanajipanga upya yenyewe. PDF ile inabeba karatasi nzima, na karatasi haijui kwamba imeingia kwenye simu.

Nasikia mtu anasema, "Si ageuze simu ilale?" Hoja hii naipata kila mahali, basi tuipime. Lazeni simu kwa upana. Sasa mna milimita 155 hivi, na herufi zimepanda karibu pointi 9. Vizuri. Lakini kimo ni milimita 70, na ukurasa wenyewe kwa kipimo hicho una kimo cha 220 hivi. Unaona chini ya theluthi moja. Toa ule mstari wa juu wenye saa na chaji, toa vitufe vya programu, umebaki na robo. Jedwali la mistari 30 utaliona vipande vinne, na vichwa vya safu vimebaki kwenye kipande cha kwanza. Ukifika mstari wa 20, namba ile 2 ni idadi ya nini? Inabidi urudi juu ukaulize.

Mwingine ananiambia kila mara, "Mbona watu wanatazama mpira na tamthilia kwenye simu hizohizo na hawalalamiki?" Ndiyo, na ninafurahi nao. Picha ya mpira imeshakuwa pana, ukiilaza simu inakaa yote, na humfuati mchezaji kwa kusoma jina mgongoni, unamjua kwa mkimbio wake. Huwezi kuijua rangi ya sketi kwa mkimbio.

Basi haya maneno ya "kama kishikwambi" yalitoka wapi? Historia mnaijua, nitaipita mbio. Mwaka 2010 Dell walitoa Streak ya inchi 5, na mwaka huohuo Steve Jobs akasema simu kubwa namna hiyo, usiyoweza kuizungushia mkono, hakuna atakayeinunua. Septemba 2011, Berlin, Samsung wakaonesha Galaxy Note ya inchi 5.3 na kalamu yake. Watu walicheka. Kufikia Agosti 2012 kampuni ikasema imeuza zaidi ya milioni 10. Mwaka 2014 Apple wenyewe wakatoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5. Waandishi wa Kiingereza walikuwa wameshaunganisha maneno mawili, la simu na la kishikwambi, wakapata fableti, na tangu hapo kila simu kubwa inauzwa kwa ahadi hiyo.

Hapa sasa ndipo nataka mnisikilize. Kioo cha Note ile ya kwanza, inchi 5.3, kilikuwa na umbo la 16 kwa 10. Upana wake ni milimita 71. Simu ya leo ya inchi 6.7 ina 70. Rudia hesabu hiyo ukifika nyumbani, usiniamini mimi. Inchi zimeongezeka moja na karibu nusu, upana umepungua!

Inchi hupimwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Ukikirefusha kioo, inchi zinapanda hata kama upana haujasogea. Hadi kati ya miaka ya 2010 vioo vingi vilikuwa 16 kwa 9. Kuanzia 2017, simu kama LG G6 na Galaxy S8 zikaleta vioo virefu, na wengine wakafuata: 18 kwa 9, kisha 19, kisha 20. Siwalaumu watengenezaji. Mkono wa binadamu una mpaka wake. Note ile, na fremu zake nene, ilikuwa na mwili wa milimita 83, na mwenye kiganja kidogo kama changu haikumkaa. Simu zikarefuka kwa sababu kupanuka zisingeweza. Ni uamuzi wenye akili. Ila ni uamuzi uliozifanya zifae zaidi kuwa simu, ukaziacha mbali na kishikwambi palepale zilipokuwa.

Kishikwambi ni nini basi? Mimi napima kwa karatasi. iPad ya mwaka 2010, inchi 9.7, umbo la 4 kwa 3: upana wa kioo chake ni milimita 148. Chukueni A4 yenu, fungueni mikunjo, ikunjeni nusu. Upana huo mfupi mnaouona sasa, upana wa A5, ni 148. Yule aliyekaa kutengeneza kifaa kile, awe alikusudia au hakukusudia, alikupa daftari. Ukurasa wa A4 ukiingia humo, pointi 12 zinakuwa 8 na kitu. Zinasomeka bila kutanua vidole. Eneo lake lote ni karibu mara tatu ya kioo cha simu ya inchi 6.7.

Ndiyo maana walimu hamlioni tatizo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 vilipelekwa shuleni baada ya kazi ile, na wengi wenu mnavyo. Unaandaa fomu, unaifungua kwenye kishikwambi chako, inaonekana safi, unaituma. Mzazi anaifungua kwenye theluthi ya karatasi. Ninyi wawili mnaangalia faili moja na hamsomi kitu kimoja.

Msiniambie wazazi wanunue vishikwambi. Nyumba nyingi zina simu moja ya kupangusa, ndiyo ya kupokea wateja, ndiyo ya M-Pesa, ndiyo ya mtoto kusomea jioni. Kishikwambi hakikai kwenye mfuko wa aproni. Simu ile kubwa imechaguliwa na watu wenye akili zao kwa sababu inafanya kazi tano kwa bei ya kitu kimoja. Anayepaswa kubadilika ni anayeandika.

Anabadilika vipi? Kwanza, kama ni tangazo, liandike ndani ya ujumbe wenyewe. Usiliambatanishe. Najua mnataka nembo juu na mhuri chini. Tumeni basi vyote viwili, ujumbe wa kusoma na PDF ya kutunza. Jedwali la vifaa livunjeni liwe mistari: "Sketi 2, bluu, marinda." "Sweta 1, kijani." Kila kitu na rangi yake pamoja, hakuna gumba litakalovitenganisha.

Pili, kama ni lazima iwe PDF, kabla hujaanza kuandika nenda kwenye mpangilio wa ukurasa, uchague A6. Upana wake ni milimita 105. Kwenye simu inabanwa kwa theluthi moja tu, si theluthi mbili, na herufi za 14 zinabaki zaidi ya 9. Pembezoni weka nusu sentimeta, karatasi hii haitatobolewa mashimo wala kufungwa kwenye faili. Ni dakika mbili za kazi. Nimewahi kukaa na mhasibu wa shule akalifanya wakati chai yake bado ya moto.

Vitabu vya kiada ni jambo kubwa zaidi, kwa sababu ya michoro. Nilikuwa nimeandaa picha za moyo na figo, majina yako kulia na mishale inatoka kushoto, lakini naoneshwa saa. Itoshe kusema mchoro wenye majina uwekewe namba juu yake, na majina yafuate chini, safu moja.

Kuna simu za kukunjwa nazo, nilitaka kuzisema. Galaxy Fold ya 2019 ilifunguka inchi 7.3, Tecno wakaja na Phantom V Fold mwaka 2023, inchi 7.85. Hizo ndizo zinavuka mpaka kwelikweli, kwa sababu zinaongeza upana, si urefu. Ile ya kwanza ya Samsung ilianza kwa dola 1,980. Yule mama wa vitenge hayumo kwenye hesabu hiyo kwa sasa, kwa hiyo nazipita. Habari ya kalamu naiacha, habari ya uzito na simu kumdondokea mtu usoni akiwa amelala chali naiacha pia.

Nina kompyuta yangu, nitakuwa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi. Mwenye fomu ya kujiunga ya muhula ujao aje nayo kwenye flashi. Tutaanza na ukurasa wa vifaa.