Lori la saa saba usiku: kudibagi kwa brauza bila kubahatisha

SHAIBU: Haya wasikilizaji, ni sisi tena kutoka Mtwara mjini, mkisikia feni inalia kwa nyuma mtuvumilie tu maana ukizima humu unapikwa. Leo tunadibagi, yaani tunasaka kosa kwenye programu; Dada Somoe, nataka ile habari ya malori.

SOMOE: (anacheka) Ya malori bwana. Ni hivi, kuna chama kimoja cha msingi, jina tuliache, wana programu ya mtandaoni ya kupokelea korosho ghalani, karani anaingiza namba ya gari, magunia, kilo, tarehe inajiweka yenyewe. Sasa msimu ukichanganya si unajua foleni ya malori inavyokuwa, watu wanashusha mpaka usiku wa manane. Asubuhi hesabu hazifungi. Lori limeshushwa usiku wa kuamkia Jumamosi, ripoti inasema Ijumaa. Na siyo yote, mengine yako sawa kabisa.

SHAIBU: Hapo karani ndo anaanza kusingiziwa.

SOMOE: Walishamnunia! Na jamaa aliyetengeneza programu hayupo tena, kazi tukapewa sisi. Nafungua mafaili nakuta console.log, ile amri ya kuprinti ujumbe kwenye brauza, kila kona, "hapa", "hapa2", "imefika"...

SHAIBU: Mi console.log siioni mbaya lakini.

SOMOE: Kwa kitu kidogo sawa. Ila ina ujanja wake, kwenye Chrome ukiprinti objekti, yaani furushi la data, alafu ukaja kuifungua baadaye, unayoyaona ndani ni ya muda ule unaoifungua, siyo ya muda mstari ulipopita, kwa hiyo kama katikati kuna sehemu imeibadilisha unaoneshwa kitu kingine na wewe unaapa kabisa. Ndo maana mi napenda programu isimame, itulie, niichungulie mfukoni ina nini.

SHAIBU: Nenda polepole basi, kuna mtu yuko Masasi huko anatusikiliza na laptopu mbele.

SOMOE: Bonyeza F12 zana za brauza zifunguke, ingia Sources, tafuta faili la ripoti. Sasa ripoti ina malori mamia, ukiweka brekipointi ya kawaida, yaani alama ya kuisimamisha programu kwenye mstari, ndani ya lupu inayopitia lori moja moja, itasimama kila lori mpaka ukome. Kwa hiyo unabonyeza kulia kwenye namba ya mstari, unachagua ile brekipointi ya masharti, unaandika namba ya gari iwe ya lile lori lenye kasoro. Unarifreshi. Ikasimama kwa lori lile tu, mengine yote yakapita. Pembeni kwenye Scope, panapoonesha data za pale iliposimama, naona tarehe imeshakuja Ijumaa kutoka kwenye seva. Basi ripoti haina kosa, nikaachana nayo.

SHAIBU: Kwa hiyo mambo yameharibika wakati wa kuhifadhi.

SOMOE: Ndo hivyo, ila sasa mchana ukijaribu kuhifadhi, sawa. Jioni, sawa. Nikasema hebu ngoja, haya yenye kasoro yameingizwa saa ngapi? Kucheki, yote ni kati ya saa sita na saa tisa usiku. La saa kumi hata moja hakuna.

SHAIBU: Masaa matatu. Aisee, UTC hiyo, ile saa ya kimataifa!

SOMOE: Ulivyosema wewe ndo nilivyosema mimi, lakini kuhisi siyo kuona kaka. Nikaibadilisha saa ya laptopu ikasoma saa saba na robo usiku, Jumamosi, nikaweka brekipointi pale pa kuhifadhi, nikabonyeza kitufe cha karani. Ikasimama. Napitisha kishale juu ya muda, nasoma Sat, 01:15, GMT+0300. Safi. Nabonyeza F10 isogee mstari mmoja, naangalia tarehe: Ijumaa. Mstari mmoja tu bwana! Ameita toISOString, ya kugeuza muda kuwa maandishi, alafu akakata herufi kumi za mwanzo, zile za tarehe. Hiyo kitu siku zote inatoa saa za UTC, na sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo saa saba na robo usiku ya kwetu kule ni saa nne na robo usiku ya jana yake.

SHAIBU: Na aliyeandika alikuwa anajaribu mchana.

SOMOE: Mchana, na kahawa yake.

SHAIBU: Vijana hamjui raha mliyonayo. Kabla Joe Hewitt hajatoa Firebug, zana ya kudibagi ndani ya Firefox, mwaka 2006 ilikuwa unajaza alert, vile vidirisha vya ujumbe, kila mahali, unabonyeza OK mpaka kidole kinauma. Haya, dawa yake?

SOMOE: Hifadhi muda kamili kwa UTC, tarehe uitoe pale unapoonesha, na uitajie Africa/Dar_es_Salaam, jina la saa zetu kwenye orodha ya kanda za saa. Usijumlishe tatu kwa mkono, utakuja kumchanganya mwenzio.

SHAIBU: Mtwara hawajatuweka kwenye hiyo orodha?

SOMOE: Hatumo. Na watu wa Lindi wasitucheke, nao hawamo.

SHAIBU: Na rekodi za nyuma?

SOMOE: Bahati nzuri kwenye hifadhidata kulikuwa na safu ya created_at, muda kamili, kwa hiyo tarehe zote zimekokotolewa upya. Zilizokwisha kuprintiwa ndo kasheshe, hizo karani anazipitia kwa kalamu, moja moja, na mwenyekiti anasaini pembeni.

SHAIBU: Wamemwomba radhi lakini?

SOMOE: Wamempa soda.

SHAIBU: Soda! Haya bwana, tuingie kwenye meseji zenu, ya kwanza inatoka Nachingwea, anauliza kwa nini brekipointi yake inasimama kwenye faili lililobanwa lote mstari mmoja...

SOMOE: Huyo hajawasha sorsi mapu, ile ramani ya kumrudisha kwenye mafaili ya asili. Soma yote kwanza.