Paundi 150 kwa Kila Mhudhuriaji: Kodi na Tafrija ya Wafanyakazi katika Kampuni Ndogo za Uingereza

Mabibi na mabwana, wakurugenzi na wahasibu mliohudhuria,

Suala nililoombwa kulizungumzia ni gharama za tafrija ya wafanyakazi, na nitalizungumzia kwa kufuata sheria za Uingereza, kwa kuwa ndiko kampuni zenu zilikosajiliwa. Naanza na jambo ambalo wenye kampuni ndogo hulichanganya mara kwa mara: tafrija moja huzaa maswali matatu ya kodi, na jibu la swali moja si jibu la mengine. Kuna kodi ya faida ya kampuni, kuna kodi ya mapato ya mfanyakazi aliyekula na kunywa, na kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, iliyomo kwenye ankara.

Swali la kodi ya kampuni halituchukulii muda. Sheria ya Kodi ya Kampuni ya mwaka 2009 inakataza kutoa katika faida gharama za kuwakirimu watu, lakini inawaacha wafanyakazi, wakurugenzi wakiwemo, nje ya katazo hilo, mradi kuwakirimu wao kusiwe nyongeza tu ya kuwakirimu wateja. Hapa hakuna kikomo cha paundi 150. Nasisitiza hivyo kwa sababu wengi huogopa kuandika gharama halali kwenye hesabu zao wakidhani wamevuka kiwango ambacho, kwa kodi hii, hakipo kabisa.

Kikomo hicho kipo kwenye kodi ya mapato, na ndiko ninakotaka tukae. Kifungu cha 264 cha Sheria ya Kodi ya Mapato (Ajira na Pensheni) ya mwaka 2003 kinamsamehe mfanyakazi kodi juu ya tafrija iliyolipiwa na mwajiri, ikiwa tafrija hiyo hufanyika kila mwaka, iko wazi kwa wafanyakazi wote kwa jumla au wote wa kituo kimoja cha kazi, na gharama yake haizidi paundi 150 kwa kila mhudhuriaji, VAT ikiwa ndani. Sherehe ya mara moja tu, kwa mfano ya kutimiza miaka 25 ya kampuni, haimo katika msamaha huu. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka paundi 75 mwaka 2003 na hakijaongezwa tangu hapo, ingawa bei za kumbi na vyakula hazikusimama. Na kwa maoni yangu wanaoumia zaidi ni wenye kampuni ndogo, ambao gharama ya kukodi ukumbi uleule huigawanya kwa watu wachache.

Paundi 150 si punguzo ambalo kila mtu hupewa kwanza, kisha kinachozidi ndicho kikatozwa kodi. Ni mpaka. Chukueni kampuni yenye wafanyakazi 12, kila mmoja akiwa ameruhusiwa kuja na mwenzi wake. Ukumbi, chakula, vinywaji na teksi za kuwarudisha watu nyumbani vimegharimu paundi 3,360. Mkurugenzi amegawanya kwa watu 24, amepata paundi 140, na ameridhika. Siku ya tafrija wenzi watatu hawakutokea. Kwa kuwa gharama yote hugawanywa kwa waliohudhuria, si kwa walioalikwa, hesabu inakuwa 3,360 kwa watu 21, yaani paundi 160 kwa kila mmoja. Msamaha umeondoka wote. Kinachotozwa kodi si zile paundi 10 zilizozidi bali 160 nzima, na mfanyakazi aliyekuja na mwenzi wake anahesabiwa kuwa amepata marupurupu ya paundi 320. Ndiyo maana nawashauri mpange bajeti kwa idadi ya watu mnaoamini watafika, mkiacha nafasi ya kutosha chini ya kikomo.

Mambo yakishaharibika, si lazima mfanyakazi ndiye abebe mzigo. Kampuni inaweza kuingia makubaliano na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, yanayojulikana kama PSA, ambayo kwayo inalipa yenyewe kodi hiyo pamoja na michango ya bima ya taifa; maombi yafike kufikia tarehe 5 Julai baada ya mwaka wa kodi kwisha. Ni njia ya gharama, lakini naiona kuwa ya haki, maana haipendezi mtu kushukuriwa kwa kazi yake na kisha kukatwa kodi kwa sababu ya shukrani hiyo. Bila makubaliano, marupurupu hayo huripotiwa kwa fomu P11D kufikia tarehe 6 Julai.

Mkifanya tafrija mbili kwa mwaka, zote husamehewa iwapo jumla yake haivuki kikomo, kwa mfano paundi 60 wakati wa kiangazi na 85 Desemba. Zikiwa 90 na 110, chagueni ile ya 110 iingie kwenye msamaha, na ile ya 90 itozwe kodi yote.

Kuhusu VAT, kampuni iliyosajiliwa hurejeshewa sehemu ya wafanyakazi tu. Katika mfano wetu wafanyakazi ni 12 kati ya wahudhuriaji 21, kwa hiyo VAT inayorudishwa ni kumi na mbili ya ishirini na moja. Ya wageni hairudi, isipokuwa wametozwa kiingilio. Wakihudhuria wakurugenzi peke yao, VAT hairudi kabisa, hata kama msamaha wa kodi ya mapato unabaki. Mafundi mnaowapa kazi kwa mkataba bila kuwaajiri nao wahesabiwe kama wageni, si kama wafanyakazi.

Basi orodha ya wahudhuriaji iandikwe mlangoni siku hiyohiyo, wafanyakazi upande mmoja na wageni upande mwingine, kisha iambatanishwe na ankara na risiti, kwa sababu mgawanyo wa kodi ya mapato na ule wa VAT yote miwili inaitegemea.