Kitaa cha LUKU Kinamkonyeza Nani?

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote, tazameni ubao huu. Nimefunga mita ya umeme ya LUKU, ile ya kulipia kabla, kama zile za ukutani kwenu. Mnakiona hicho kitaa chekundu? Nawasha birika. Kinaanza kukonyeza. Haya, hesabuni kwa sauti, dakika moja.

Thelathini na tatu! Sasa someni maandishi madogo usoni mwa mita: 1000 imp/kWh. Maana yake, kitaa kikikonyeza mara 1000, uniti moja imekwenda. Chukua mikonyezo ya dakika moja, zidisha kwa 60, unapata wati zinazotumika sasa hivi: 33 mara 60 ni 1,980. Kitakoni birika limeandikwa 2,000. Halijadanganya. Mita yako ikiwa ya 1600, utazidisha kwa 37.5.

Wengi tunaangalia uniti zilizobaki tu. Hizo zinakwambia chakula kimepungua. Kitaa kinakuonyesha mlaji akiwa bado mezani.

Nazima birika, nawasha balbu ya LED ya wati 9. Msisubiri, mtachoka! Mkonyezo mmoja huchukua sekunde 400, karibu dakika saba. Na ndiyo balbu tunayowagombezea watoto kila usiku. Hita ya kuogea ya wati 5,000 inakonyeza zaidi ya mara 80 kwa dakika, na mwenyewe yuko bafuni anaimba.

Friji ni janja. Huunguruma, kisha hunyamaza, kwa hiyo dakika moja haitoshi. Ipime siku nzima. Vipo pia vifaa vya kubana kwenye waya mkuu, vinavyosoma usumaku wa mkondo na kutuma namba kwenye simu. Vizuri, ila mwiteni fundi avifunge.

Niwape kisa. Niliwahi kupanga nyumba ya vyumba sita, LUKU moja, mchango sawa kwa sawa. Kulikuwa na mama mmoja akiuza barafu, na uniti zikiisha mapema sote tulijua wa kumsema. Jumapili moja tukakubaliana: kila chumba kizime kila kitu, friji la mama lichomolewe, tuwashe kimoja kimoja. Tukazima vyote. Kitaa kikaendelea kukonyeza! Kila sekunde 30, mara moja. Wati 120, na hakuna chumba kilichokuwa na kitu kinachowaka.

Tukazunguka nyumba. Nyuma ya choo, chini ya bati, balbu mbili za zamani za wati 60, zinawaka mchana kweupe. Swichi yake iko stoo ya mwenye nyumba, imefungwa kufuli. Kwa siku, uniti 2.88. Kwa mwezi, zaidi ya 86, yaani balbu hizo peke yake zimeshapita zile uniti 75 kwa mwezi za D1, daraja la bei nafuu la watumiaji wadogo.

Mama wa barafu hakusema neno. Alichomeka friji lake, akarudi kukaa.

Haya, nani amekuja na pasi? Ilete hapa tuipime.