Kondoo Mwenye Njaa Hachagui

Ndugu zangu wafugaji, walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana naanzia palepale. Acheni kusema "kondoo anajua mwenyewe jani baya." Anajua akiwa ameshiba. Akiwa na njaa, chochote cha kijani ni chakula.

Nilinunua jike mnadani. Kashinda kwenye lori tangu alfajiri, tumbo limebonyea. Nikamfunga kamba kando ya ua wa lantana, nikaingia ndani kunywa chai. Lantana mnaijua: vijiua vya njano na waridi, jani linakwaruza kama msasa, ukilifikicha linanuka. Kondoo wangu waliozaliwa pale hawaligusi. Mgeni yule alilifyeka. Kesho yake hali, hacheui, kinyesi kidogo na kikavu. Siku ya tatu masikio yamevimba yananing'inia, ngozi ya pua inachubuka. Nikafunua kope: njano kama binzari! Daktari wa mifugo alikuja, tukahangaika naye, lakini nilikuwa nimechelewa kumwita. Akafa.

Kwa nini masikio, wakati sumu imeingia tumboni? Kwa sababu lantana inapiga ini. Ini ndilo linalotoa mabaki ya ile rangi ya kijani ya majani. Likishindwa, mabaki yanazunguka na damu hadi kwenye ngozi, na jua likiiwakia, ngozi inaungua, hasa pale penye weupe na manyoya haba. Kwa hiyo kwanza kivulini, papo hapo, halafu daktari. Mafuta mnayompaka masikioni hayafiki kwenye ini!

Najua kuna mzee atainuka aseme mababu walichunga bila elimu hii. Mzee wangu, shikamoo, lakini lantana asili yake ni Amerika, mababu wa mababu hawakuwa nayo. Tena walihama na mifugo kufuata malisho. Hawakumfunga kondoo kamba ya mita mbili wakategemea achague.

Mazuri yapo tele. Kishona nguo kikiwa kichanga, waachieni. Lile jani linalotambaa shambani lenye maua ya buluu, nalo waachieni. Mchicha pori ni mzuri kwa kiasi, ila ule ulioshamiri kwenye boma la zamani, penye samadi nyingi, unakusanya naitrati, ambayo ikizidi ni sumu. Kondoo akijaza tumbo hapo anahema kwa shida na damu yake inageuka rangi ya chokoleti. Mtama ulioungua na ukame ukachipua upya baada ya mvua una sumu ya sianidi, msiwaingize. Matunda ya ndulele nayo ni sumu: yaokoteni myatupe mbali kabla ya kiangazi kukaza, njaa isije ikawafanya wayale.

Mnanaha na mbarika, mimea mingine yenye sumu, sijaigusa na muda umeniishia. Basi kesho asubuhi, kabla ya kufungua zizi, wapeni nyasi kavu kwanza, na kondoo mgeni msimtoe siku ile ile aliyofika. Mwenye jani la kuniuliza alilete hapa mbele, na awe amelikata pamoja na ua lake.