Ini Lisilolia

Wenzangu wauguzi na wafamasia, huwa tunasema neno baya hukata maini. Lakini ini lenyewe halina mishipa ya kuhisi maumivu ndani yake. Yenye kuhisi ni ganda lake tu. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu aweza kumeza dawa yake ya isoniazidi wiki kadhaa, ini linaumia, naye ukimuuliza anasema hajambo.

Sisi tunapima ALT. ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Kikijaa kwenye damu, maana yake seli zimeshajeruhiwa na kukimwaga. Tumefika tumechelewa.

Mwaka 2014, Adam Shuhendler, Kanyi Pu na Jianghong Rao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kazi iliyoitafuta hatua ya kabla ya hapo. Ini linapoivunja dawa, huweza kuzaliwa kemikali kali zinazoshambulia seli, zikiwemo haidrojeni peroksaidi na peroksinaitriti. Hizo ndizo walizotaka kuziona.

Walitengeneza chembe za polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, za kupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Wakazivisha galaktosi, sukari ambayo seli za ini zina kipokezi chake, ili zinaswe huko. Na hapa ndipo ninapouvulia kofia ustadi wao: chembe ile ile inajibu maswali mawili. Ikikutana na haidrojeni peroksaidi inatoa mwanga wake yenyewe, bila kumulikwa. Ikikutana na peroksinaitriti, ukiimulika utaona rangi ya mng'ao wake imebadilika. Kamera iliyo nje ya mwili inasoma yote mawili.

Panya waliopewa parasetamoli au isoniazidi walionyesha ishara hizo ndani ya dakika chache, na dozi ikipanda, ishara nazo zinapanda. Wakati huo tishu chini ya hadubini ilikuwa bado haijaonyesha badiliko lolote!

Msinielewe vibaya. Mwanga huo hautoboi unene wa mwili wa mtu mzima, kwa hiyo kamera hii haiji zahanati. Mahali pake ni maabara, dawa mpya inapojaribiwa kwa wanyama, kabla haijamfikia mgonjwa wetu ambaye ataimeza miezi sita. Huyo aliye mbele yenu leo, mwangalieni macho kama yana umanjano, na mumuulize rangi ya mkojo wake.