Jinsi ya Kupata Filamu za Kauboi za Zamani Bure, Bila Kuangukia Nakala Mbovu

Karibuni. Leo tunatafuta filamu za kauboi za zamani kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Zimejaa tele, kazi ipo kwenye kuchagua nakala.

Fungua archive.org. Ukiandika neno "western" peke yake utaletewa mchanganyiko wa vitabu, vipindi vya redio na kila aina ya makorokoro. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika hivi: mediatype:movies AND subject:western. Kama jina unalijua, liandike pamoja na mwaka. Anza na The Great Train Robbery ya 1903. Ni dakika kama 12 tu, haitamaliza bando. Kisha mtafute mwigizaji John Wayne kabla hajavuma: Riders of Destiny ya 1933, Randy Rides Alone ya 1934.

Sasa tulia hapa. Filamu moja huwa imepakiwa na watu wengi, kwa hiyo usikimbilie ya kwanza. Tazama urefu. Hizo mbili za Wayne zina dakika 50 na ushee. Angel and the Badman ya 1947 inakaribia 100. Ukikuta pungufu kubwa, nakala imekatwa. Sikiliza pia mwanzo: kinanda cha umeme kikianza kulia huku steringi yuko juu ya farasi, hiyo ni nakala ya video ya miaka ya 1980 iliyopachikwa muziki mpya. Achana nayo. Na zile zilizotiwa rangi ziruke, kwani rangi inaweza kuwa na hakimiliki yake.

Tukiwa kwenye hakimiliki: kwa sheria ya Marekani, filamu nyingi za kabla ya 1964 zilitakiwa kusajiliwa upya baada ya miaka 28. Ambazo hazikusajiliwa zikawa mali ya umma. Ndivyo ilivyokuwa kwa McLintock! ya 1963. Stagecoach ya 1939 bado ina mwenyewe, hata ukiikuta imepakiwa.

Kupakua: tafuta DOWNLOAD OPTIONS, chagua aina ya faili iitwayo MP4 ya h.264. Ile ya MPEG2 huwa nzito mno. Kwenye simu haina maana.

Fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta. Mtu akikimbia na kingo zake zikawa na meno kama chanuo, bonyeza D. Sura zikiwa zimetanuka, bonyeza A mpaka ifike 4:3, yaani uwiano wa upana na kimo cha picha. Kwenye filamu bubu, watu wakitembea kama wanafukuzwa, sababu ni kwamba ilipigwa kwa fremu (picha moja moja) 16 au 18 kwa sekunde, nayo inachezwa kwa 24. Bonyeza [ mpaka kasi ishuke hadi 0.80 au 0.70, uone ipi inatulia. Muziki uliowekwa juu yake nao utaburuzika. Bonyeza M uuzime.