Zailazini Imekutangulia kwenye Kipokezi

Narudi tena kwenye zailazini, dawa ya kutuliza wanyama, maana majaribio mengi ya kutia dawa kwenye ubongo wa panya na kupima moyo wake yanaharibikia hapo kabla hata fuvu halijafunguliwa.

Panya mkubwa wa maabara akiwa macho, ametulia, moyo hupiga kama mara 350 kwa dakika. Mchome ketamini, dawa ya usingizi, miligramu 80 na zailazini miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, subiri robo saa, uhesabu: mara nyingi utakuta chini ya 300. Zailazini imeshika vipokezi vya alfa-2, yaani sehemu za seli ambazo dawa hujishikiza, kwenye shina la ubongo. Neva za simpathetiki, zinazoharakisha moyo, zimelegea; vagasi, neva inayoupunguza kasi, imekaza breki. Sasa wewe unateremsha sindano ubongoni, unatia klonidini, dawa ambayo nayo hushika alfa-2. Moyo hautikisiki, unaandika: "Kipokezi hakina kazi hapa." Kina kazi, jamani! Umekijaza mwenyewe!

Atatokea wa kusema ketamini inapandisha mapigo, kwa hiyo zinafutana. Hazifutani. Kamba ikivutwa huku na huku ikasimama, haijalegea hiyo. Mpe atipamezoli, inayoing'oa zailazini kwenye alfa-2, uone mapigo yanavyorudi juu.

Badala yake, mlaze kwa yurethani, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo. Vaa glavu, inaleta saratani. Na mnyama huyo haamshwi: jaribio likiisha, anauawa akiwa bado usingizini.

Kiasi cha kutia ubongoni ni nanolita 50 hadi 100. Ukisukuma mikrolita nzima, dawa inatambaa hadi kwa jirani, na majirani wa medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo, hawaelewani: glutamati, kemikali inayoamsha seli za neva, ikitiwa upande wa mgongoni, zinapoingia taarifa za presha, moyo unapungua kasi, ikitiwa upande wa tumboni, sehemu ya mbele, presha inapanda. Tia rangi mwishoni, ukate ubongo, uone ncha ilifika wapi.

Joto nalo. Mwili wa panya aliyelala uwe nyuzi 37. Wale wa aina ndogo ndio wa kuangaliwa zaidi hapa Tanga, hata wakiwa macho: chumba kikitoka nyuzi 22 kwenda 30 kwa sababu kiyoyozi kimezima, mapigo yao hushuka kwa zaidi ya 100 kwa dakika bila dawa yoyote. Andika joto la chumba kila siku.

Naona muda unaniishia. La atropini, dawa inayozuia kazi ya vagasi, kwa haraka: ya kawaida huvuka kutoka kwenye damu ikaingia ubongoni, ya metili haivuki. Ukitaka kuizima vagasi pale kwenye moyo tu, chukua ya metili.